Mkono wa Mwalimu Breki

Mama Pasi hakuwa mwongo. Hili liwekwe wazi mapema, maana yatakayofuata yanaweza kumfanya mtu amdhanie vingine. Alikuwa na duka la kufua na kupiga pasi, na katika kazi ile mwongo hadumu. Ukiunguza shati la mtu unamwambia umeliunguza, kwa sababu atalivaa na ataona. Mtaa mzima ulimjua hivyo. Aliongea kidogo, alicheka kidogo, na ukichelewa kuchukua nguo zako alikutumia salamu ambazo hukuzipenda.

Mwenye maneno alikuwa mumewe. Yeye alifundisha udereva kwa gari dogo jeupe lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu, na wanafunzi wakamwita Mwalimu Breki kwa sababu ile ya kwake ndiyo iliyofanya kazi zaidi. Hawakujaaliwa mtoto. Walikuwa wawili tu ndani ya nyumba, wakizozana juu ya redio na wakipatana juu ya karibu kila kitu kingine, mpaka asubuhi moja Mwalimu Breki alipoinama kufunga kamba za viatu, asiinuke tena.

Hospitalini wakasema ni kiharusi, damu imevujia kwenye ubongo. Wakamwingiza chumba cha wagonjwa mahututi, wakampitishia bomba mdomoni, wakamuunganisha na mashine ya kupumulia. Kifua kikawa kinapanda na kushuka bila kukosea. Ukimtazama kutoka mlangoni ungedhani amejipumzisha, na hilo ndilo lililokuwa baya.

Nje ya chumba kile, kwenye korido, palikuwa na benchi refu la mbao lililosukumwa ukutani. Ndugu wa wagonjwa walikaa hapo wakingoja kuitwa, maana waliruhusiwa kuingia mmoja mmoja na kwa muda mfupi. Ukikaa kwenye benchi lile unakuwa ndugu wa wenzako, utake usitake. Walijuana nani anapenda sukari nyingi kwenye chai, nani mguu wake unavimba, nani hasemezani na mawifi zake. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja ambaye mwanawe alianguka kutoka ghorofani kwenye kazi ya ujenzi. Alikuwa amekaa pale muda mrefu kuliko wote. Alikuwa na mto wake wa kukalia na msumari wake wa kutundikia mkoba, na kila mtu alimwita Mwenyekiti. Yeye mwenyewe aliitikia.

Benchi lilikuwa na sheria yake. Mtu akitoka ndani lazima atoke na neno, tena neno zuri. Leo rangi imemrudia. Leo kope zimechezacheza. Leo homa si kama ya jana. Mara ya kwanza Mama Pasi alipotoka wakamuuliza, "Vipi mgonjwa?" naye akajibu, "Vile vile." Wakamtazama kana kwamba ametukana.

"Mwanangu," Mwenyekiti akamwambia kwa upole, akimsogezea nafasi, "hapa hatusemi vile vile. Tungekuwa tunasema vile vile, sote tungekuwa tumeshajiendea makwetu."

"Mimi jana sikuona kitu chochote," akasema fundi miwani, mzee ambaye mkewe alikuwa kitanda cha pembeni. "Lakini nikitoka hapa nitasema nini? Nikasema kucha zake zinapendeza."

Wakacheka, na Mama Pasi akacheka nao kidogo. Hawakuwa watu wabaya, jamani. Kila mmoja alikuwa na mtu wake mle ndani, na kila mmoja alihitaji kuwaona wengine wakiwa na moyo ili naye apate moyo. Ndivyo lilivyokuwa benchi.

Kisha likatokea jambo la kinyozi. Huyu alikuwa kijana mpole, baba yake mzazi alikuwa mle ndani na mapafu yamekufa. Siku moja aliitwa na daktari pamoja na ndugu zake, wakakaa, wakakubaliana mzee atolewe mashine apumzike. Ilipokwisha, kijana alikuja benchini kuwaaga. Akanyoosha mkono. Mwenyekiti alikuwa anatafuta kitu ndani ya mkoba wake, na akakitafuta mpaka kijana akaondoka. Wengine wakatazama sakafu. Alipopinda kona tu, mtu mmoja akasema, "Wamemkatia tamaa baba yao." Mwingine akaongeza, "Kila mtu na roho yake. Mimi wangu simwachi hata wanifukuze." Mwenyekiti alifunga zipu ya mkoba akautundika.

Maneno yale yalimwingia Mama Pasi mpaka kwenye mifupa. Alikuwa na sababu yake, nayo ni hii.

Zamani kidogo, yeye na mumewe walikwenda kumwona mwalimu mwenzake wa udereva aliyekuwa amelala nyumbani na bomba la shingoni, mashine ikimpumulia, macho wazi, hamjui mke wala mtoto. Walikaa, wakasalimu, wakaaga. Njiani Mwalimu Breki hakusema neno, na kwa mtu yule kunyamaza kulikuwa ugonjwa. Walipofika nyumbani alizima gari lakini hakushuka.

"Sikiliza, mke wangu," akasema. "Mimi maisha yangu yote nimekaa kiti cha abiria, na sijalalamika, kwa sababu breki ilikuwa chini ya mguu wangu. Siku nikiwa siwezi kukanyaga hata breki, niteremsheni. Usiwaache wanizungushe tu."

"Acha uchuro wako."

"Si uchuro. Niahidi."

"Haya, nimeahidi. Shuka basi, nguo za watu zinaningoja."

Ndiyo hivyo. Alikuwa ameahidi, na hakuna aliyesikia ila yeye. Ukoo wa mume ungesema nini? Mke hana mtoto, mume hajiwezi, na yeye peke yake ndiye anayejua kwamba mume alitaka kufa! Hata yeye, angelisikia kwa mtu mwingine, angeguna. Basi akawa analibeba neno lile rohoni, anaingia nalo, anatoka nalo, na hali chochote. Tangu mumewe aanguke alikuwa anashindia maji na chai kavu. Ukimlazimisha mkate anaushika, baadaye unaukuta pembeni.

Siku iliyofuata ile ya kinyozi, Mama Pasi aliingia, akasimama kando ya kitanda, akamwambia mumewe habari za dukani. Akamshika mkono. Ulikuwa na joto, mzito, umelegea. Akatoka. Nyuso za benchi zote zikamgeukia kwa mpigo, na Mwenyekiti akauliza, "Vipi mgonjwa?" Mama Pasi akafungua mdomo aseme vile vile.

"Leo amenibana mkono," akasema.

Lilitoka wapi? Hata yeye hajui. Alilisikia kama wenzake walivyolisikia. Loo, benchi lililipuka! Fundi miwani alivua miwani yake mwenyewe akaifuta. Mwenyekiti alimkumbatia akamtikisa mpaka kitambaa cha kichwa kikamlegea. Mtu alipiga makofi, na muuguzi akatoa kichwa mlangoni kuwanyamazisha. Mama Pasi akiwa katikati ya mikono ya watu akainua macho, akamwona mama mkwe wake amesimama mwanzoni mwa korido na chupa ya chai mkononi. Bibi yule alikuwa amesikia yote.

Alikuja taratibu, akaketi, akamimina chai, akamega mkate akampa. Mama Pasi akala. Akamaliza wake, akala na ule uliowekwa kwa ajili ya shemeji yake. Mama mkwe alimtazama mpaka kipande cha mwisho, kisha akafunga chupa.

Shemeji yake alikuwa mdogo wa Mwalimu Breki, mwuza vipuri vya magari, na watu walimwita Spika kwa sababu hakujaaliwa kunong'ona. Aliposimuliwa habari ile alitoa simu papo hapo. "Kaka karudi!" akawatangazia jamaa upande wa pili wa simu. "Nakwambia karudi! Kambana shemeji mkono, kaubana kweli kweli, si mchezo!" Mama Pasi akasema, "Shemeji, hebu subiri kidogo." Lakini Spika alikuwa ameshampigia shangazi, na kabla shangazi hajamaliza kushukuru, akampigia mjomba.

Angesema pale pale, ingekuwa aibu ya siku moja. Hakusema. Alijiambia atasema kesho, watu wakishatulia. Lakini watu hawakutulia. Jioni ile ile Spika naye alitoka ndani kifua mbele, akasema kaka yake kambana mkono. Kesho yake mama mkwe aliulizwa, akasema, "Na mimi kanibana." Shangazi alikuja na kurudi zake akisimulia jinsi alivyobanwa mpaka pete ikamuumiza. Walimu wenzake wa udereva wakabanwa. Mwosha magari wao alibanwa mara mbili. Kwa muda mfupi mkono wa Mwalimu Breki ulikuwa umebana watu wengi kuliko mkono wa mgombea wakati wa kampeni, na mwenye mkono wake hakuwa na habari.

Mama Pasi alisikiliza yote haya na hakujua aingie wapi atokee wapi. Kuna wakati alianza kujiuliza kama labda yeye ndiye asiyebanwa. Labda mume ana ugomvi naye.

Basi daktari akawaita. Alikuwa dada kijana, mwembamba, mwenye kuongea polepole na kumtazama mtu usoni. Ofisi yake ilikuwa na meza na viti vichache, Spika akabaki wima. Daktari akawaeleza kwamba bomba la mdomoni haliwezi kukaa zaidi ya hapo, linaumiza, na sasa lazima wachague.

"Tunaweza kumtoboa koo tukamwekea bomba la shingoni, aendelee na mashine. Hapo anaweza kukaa muda mrefu sana, miaka hata, akiwa hivi mnavyomwona. Au tumtoe bomba, tumpe dawa asisikie tabu, tumwache apumue mwenyewe. Nitasema ukweli, hatapumua kwa muda mrefu."

"Wewe mwanangu ungefanyaje?" mama mkwe akauliza.

"Mimi, mama, kila nikimpima simwoni anayeitika. Kwa vipimo vyangu ningemwacha apumzike. Lakini naambiwa anawabana mikono, na ninyi ndio mnaomjua. Kama anawaitikia, siwezi kusema hayupo. Hapo nitamtoboa koo na tutangoja." Akamgeukia Mama Pasi. "Nasikia wewe ndiye uliyeanza kuona. Niambie, anabana ukimwambia abane, au mkono unajikunja tu wenyewe?"

Hapa ndipo palipokuwa na mlango, tena wazi. Spika alikuwa amemtolea macho. Mama mkwe alikuwa anatazama mkoba wake mapajani. Kwa nje, sauti ya Mwenyekiti ilisikika ikimpa mtu moyo.

"Nikimwambia," Mama Pasi akasema.

"Umeona!" Spika akapiga meza ya daktari. "Toboeni! Toboeni hata leo!"

"Kesho asubuhi," daktari akasema.

Mama Pasi alikwenda dukani. Hakuwa na pa kwenda pengine, na pasi inampa mtu kazi ya kufanya kwa mikono. Akanyoosha suruali za shule, akanyoosha shuka za nyumba ya wageni. Alikuwa katikati ya shati moja jeupe wakati mwenye shati alipoingia, naye alikuwa mwalimu wa udereva, mmoja wa wale waliobanwa.

"Hongera, mama," akasema yule bwana. "Nimesikia kesho wanamfanyia mpango wa bomba. Mke ndiyo huyu! Wengine wangeshamzika siku nyingi, wanagawana vyombo."

Mama Pasi alimtazama tu. Harufu ndiyo iliyomshtua. Akainua pasi, na mgongoni mwa shati palikuwa na alama ya kahawia.

"Nimeunguza shati lako," akasema.

"Ah, usijali, una mengi kichwani."

"Nimeliunguza. Nitakununulia jingine."

"Mama, wewe siku hizi huna kosa. Ukiniunguza hata mimi nitasema asante."

Akaondoka akicheka. Mama Pasi alichomoa pasi ukutani akakaa kwenye kiti cha wateja. Alikuwa na hasira, na haikuwa ya shati. Alimkasirikia yule bwana kwa kumsifu, akamkasirikia Spika kwa mdomo wake, akalikasirikia benchi zima na mto wake na msumari wake. Baadaye zile hasira zikaisha akabaki yeye peke yake na neno alilolisema mbele ya daktari. Mara ya kwanza lilimponyoka. Mara hii alilisema huku akijua, na kesho watu watamtoboa mumewe koo kwa sababu yake, na atakaa hivyo miaka, macho wazi, akizungushwa. Aliogopa. Aliogopa wakwe, aliogopa benchi, na zaidi aliogopa ile siku ambayo angerudi nyumbani akaikuta haina mtu. Hilo la mwisho hakuwahi kuliambia hata moyo wake.

Asubuhi aliwahi. Muuguzi, mama mtu mzima mwenye mikono mipana, alikuwa anamtayarisha mgonjwa, anamnyoa ndevu za shingoni. Mama Pasi akazunguka upande wa pili wa kitanda, akauchukua ule mkono.

"Nibane," akamwambia mumewe.

Akangoja.

"Nibane, baba. Mara moja tu, nisije nikawa mwongo."

Mashine ikavuta, ikashusha. Mkono ulikuwa vile vile.

"Sista," akasema, "wewe unamgeuza kila siku. Amewahi kukubana?"

Muuguzi hakuinua uso. "Mimi namgeuza, namwosha, namkata kucha. Hajanibana hata siku moja. Nasikia huko nje kila mtu kabanwa." Akafuta wembe. "Watu huwa wanasema. Hata yule shemeji yako mwenye sauti naye anasema, na hajawahi kufika hapa kitandani. Anaishia pale kwenye pazia. Anasimama, analia, anajifuta, anatoka."

"Spika?"

"Simjui jina. Yule wa sauti."

Mama Pasi akaurudisha ule mkono juu ya shuka, akaunyoosha vidole kimoja kimoja. Akatoka.

Spika alikuwa amesimama mbele ya benchi akihutubia. "Leo ndiyo leo! Kaka anatobolewa, baadaye anaamka. Kuna mtu huko ng'ambo alikaa hivi mpaka wakamsahau, siku moja akaamka akaomba chakula!" Mwenyekiti alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali. Mama mkwe alikuwa ameketi mwisho wa benchi, chupa ya chai miguuni.

"Vipi mgonjwa?" fundi miwani akauliza.

"Vile vile," Mama Pasi akasema. "Hajanibana. Na hajawahi kunibana."

Spika akaacha kuhutubia.

"Siku ile nilisema uongo. Mlikuwa mmekodoa macho hapa, nikasema tu. Jana daktari kaniuliza nikarudia. Mume wangu habani mtu. Alikataza asifanyiwe haya, alinitaka niahidi, nikaahidi. Kisha nikaogopa."

Mwenyekiti aliinua mto wake, akausogeza upande wa pili. "Mambo ya kwenu," akasema bila kumtazama, "mngeyasemea kwenu. Hapa kuna watu wana wagonjwa."

Mama Pasi hakumlaumu hata wakati ule. Mwanawe alikuwa mle ndani, na sheria ya benchi yeye aliihitaji kuliko wote.

Spika ndiye aliyekuwa amepigwa butwaa. Alipofungua mdomo korido nzima ilisikia. "Shemeji! Unasema nini wewe? Unataka tumzike kaka yangu mzima? Alikuambia! Nani alisikia? Wewe tu! Na nyumba atabaki nayo nani? Wewe tu! Mimi kanibana! Kwa mkono wake kanibana!"

Mama Pasi angeweza kumjibu. Jibu alikuwa nalo mdomoni, limetoka kwa muuguzi muda ule ule, na lingemmaliza Spika mbele ya watu wote. Alimtazama, akamwona midomo inamtetemeka, akalimeza.

"Nyamaza," mama mkwe akasema.

"Mama, lakini wewe mwenyewe uli..."

"Nimesema nyamaza." Bibi yule alikuwa hajainua sauti. "Mkono wa mwanangu naujua mimi. Nimeushika kabla yenu wote. Haujanibana. Hauna mtu."

"Ulisema kakubana!"

"Nilisema." Akamgeukia mkwe wake, na ni yeye tu aliyekuwa anasema naye sasa. "Siku ile ulipotoka ukasema kakubana, nilikutazama usoni nikajua. Wewe hujui kudanganya, mwanangu, hukuzoea. Nikataka nikwambie. Lakini ukala. Tangu mume wako aanguke ulikuwa hujatia kitu tumboni, na siku ile ukakaa hapa ukala, ukala na mkate wa mwenzio. Nikasema moyoni, mmoja ameshalala, huyu asije naye akaniangukia. Waliponiuliza nikasema na mimi kanibana. Ningesema hata kasimama, ilimradi ule."

Mama Pasi akalia. Hakuwa amelia siku aliyoanguka mumewe, wala siku ya kwanza ya mashine. Sasa alilia kwa sauti, katikati ya korido, na mama mkwe akamshika kiwiko akamketisha. Fundi miwani aliinuka kuwapa nafasi, akabaki amesimama karibu yao, anafuta miwani isiyokuwa na uchafu.

"Alikuambiaje?" bibi akauliza walipokuwa wametulia.

Akamweleza habari ya lile gari, na kiti cha abiria, na breki. Bibi akasikiliza mpaka mwisho. Tabasamu likamjia, likakaa kidogo, likaondoka.

"Huyo ndiye," akasema. "Hakuna mwingine angeongea upuuzi kama huo. Twende kwa daktari."

Daktari hakuuliza maswali mengi. Aliuliza kama wote watatu wako pamoja, na Spika akasema ndiyo, kwa sauti ambayo daktari alimwomba airudie. Wakampa mgonjwa dawa ya kumtuliza. Wakavuta pazia, na mara hii wakaruhusiwa kuingia wote. Muuguzi akatoa lile bomba kwa uangalifu, akampangusa mdomo, akazima mashine. Mama Pasi hakujua ilikuwa na kelele kiasi gani mpaka iliponyamaza.

Mwalimu Breki akapumua mwenyewe. Ilikuwa pumzi fupi, ya kukatika, inakuja na kusita. Uso wake ulionekana wote sasa, na midomo ilikuwa na alama za gundi. Mama Pasi aliinama sikioni. "Nimekuchelewesha," akamwambia. "Nisamehe. Niliogopa kubaki peke yangu." Akakaa upande wa kichwani, mkono wake kwenye nywele zake. Mama mkwe akakaa miguuni, akawa anamsugua nyayo.

Spika alikuwa amesimama kwenye pazia. Alikuwa amelishika kwa ngumi.

"Njoo hapa," mama yake akamwambia.

Hakusogea.

"Njoo, baba. Njoo umshike kaka yako."

Spika akaja. Alitembea hatua zile chache kwa tabu, akafika kitandani, akasimama akiutazama mkono uliokuwa juu ya shuka. Mwishowe akauchukua. Aliushika kwa vidole vya juu juu, akangoja, kisha akaushika vizuri, akangoja tena. Akainua uso. Kwa mara ya kwanza tangu wamjue, alinong'ona.

"Mama, habani."

"Najua," mama yake akasema. "Mbane wewe."